Mama wa mtoto wa miezi 4 hana raha: jirani anaweza kumsaidia vipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Muheza. Kijijini kwetu kuna mama wa miaka 24, ana mtoto wa miezi 4 na mwingine wa miaka 3. Zamani alikuwa anakaanga vitumbua na kuuza, sasa hatoki. Mume yuko Dar, anaendesha bodaboda. Mama mkwe anasema mkwewe ni mvivu, siku nyingine anasema amechezewa. Sasa mtoto haongezeki uzito, watu wameanza kusema kabemendwa. Yule mkubwa alikuwa na maneno mengi, siku hizi kimya, na amerudia kukojoa kitandani. Nikienda namkuta mama amelala anatazama ukuta, mtoto analia pembeni. Nikimuuliza anajibu "nimechoka tu". Muuguzi wa zahanati anasema tuanzishe kikundi cha wazazi, lakini sijui nianzie wapi, mimi si daktari wa akili. Je, watu kama sisi tunaweza kumsaidia au lazima apelekwe hospitali? Na akina mama wakija kwenye kikundi tuwalipe posho?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la katikati, maana naona ndilo linalokusumbua. Ndiyo, watu kama ninyi mnaweza kumsaidia. Kwa akina mama wengi wenye hali kama hii, jirani aliyefundishwa ndiye tiba ya kwanza, na hospitali hufuata pale inapohitajika. Lakini yapo mambo ya kuyajua kabla hujarudi kwake, na ipo hali moja ambayo hailazwi nyumbani hata usiku mmoja.

Unayoyaeleza yanafanana sana na sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaomwondolea mama raha na nguvu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza. Wakati wa ujauzito ni kama 16 kwa 100. Kwa hiyo siku ya kliniki, wakikaa akina mama 30 kwenye benchi, huenda 5 au 6 kati yao wako kama huyu wako. Wamejitanda kanga zao vizuri, wanaitikia salamu, na hakuna aliyewauliza kitu. Mtoto anawekwa kwenye mzani, kadi inajazwa, mama anaambiwa "ongeza lishe", anaondoka. Kila mwezi tunakutana na mama uso kwa uso na tunampima mtoto peke yake. Hilo linaniumiza kwa sababu nafasi ya kuuliza tunayo mkononi.

Mama mkwe anasema ni uvivu. Mtu mvivu hukwepa jembe, lakini harusi haimpiti, gumzo halimpiti, na pilau likipakuliwa anakula. Mwenye sonona hana hamu hata na kile alichokuwa anakipenda. Mwili mzito, usingizi umekata au umezidi, chakula hakina ladha, na kichwani anajihukumu mchana kutwa: mimi si mama, watoto hawa wangepata mwingine wangekuwa na nafuu. Hiyo "nimechoka tu" ndiyo kauli ninayoisikia kuliko zote. Ni wachache wanaosema "nina huzuni". Na pengine kweli amechoka mwilini pia: upungufu wa damu baada ya kujifungua, au tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, huleta hali inayofanana na sonona. Akifika zahanati apimwe damu kabla hatujaamua kwamba yote ni ya moyoni.

Usichanganye hali hii na ule unyonge wa siku za mwanzo. Wazazi wengi hulia lia kuanzia siku ya 3 au ya 4, bila sababu wanayoweza kuieleza, na ndani ya wiki 2 hali hiyo huondoka yenyewe mradi mtu yuko karibu. Miezi 4 ni jambo jingine.

Na sasa ile hali isiyolazwa nyumbani. Kichaa cha uzazi huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza, na huja kwa kasi. Juzi alikuwa mzima, leo halali kabisa, anazungumza mambo yasiyoshikana, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au amebadilishwa. Huyo si wa kikundi, wala si wa kuombewa kwanza halafu tuone. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake na mtoto, na huko wamwangalie pia malaria, maambukizi ya kizazi na presha, kwa kuwa yote hayo yanaweza kumvuruga mzazi akili. Akiwahiwa, hupona vizuri. Kwa maelezo yako mama huyu hajafika huko. Nakueleza kwa sababu kikundi kikishajulikana, na hao mtaletewa.

Rudi kwake, basi, lakini safari hii uende kwa namna nyingine. Usisimame mlangoni na daftari. Kaa chini alipokaa. Mpokee mtoto, umpakate, ili mikono yake ipumzike kidogo, kisha mwambie: "Leo sikuja kumwangalia mtoto, nimekuja kwako." Nyamaza. Asipojibu, nyamaza tena. Wahudumu wengi hapo ndipo wanapokosea, kimya kinawatisha, wanaanza kushauri. Baada ya muda muulize, "Mtoto akilala, na wewe unapata usingizi?" Mama aliyechoka tu atakwambia analala kama gogo. Anayekwambia kwamba mtoto analala na yeye macho makavu yanatazama dari, huyo mfuatilie. Kisha yapo maswali mawili ambayo wataalamu huanza nayo karibu kila mahali: katika wiki 2 hizi, ni siku ngapi umejisikia moyo mzito, huna raha? Na vile vitu ulivyokuwa unavifurahia, vitumbua vyako, kusukana, kwenda kwa mwenzio, bado vinakuvuta? Akijibu kwamba siku nyingi ni hivyo, mpeleke kwa muuguzi akamuulize kwa kirefu. Muuguzi anaweza kutumia dodoso la maswali 10 lililotengenezwa mahsusi kwa wazazi na kuchapishwa mwaka 1987 na John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky. Linaitwa la Edinburgh, lakini Cox kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Uganda katika miaka ya 1970, akichunguza hali ya akili ya akina mama wajawazito na waliojifungua huko Buganda. Nalitaja hilo kwa ajili ya wanaokwambia sonona ya uzazi ni maradhi ya Wazungu.

Swali gumu kuliko yote lazima uliulize, na uliulize waziwazi: "Kuna wakati unaona bora usingekuwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kama halikuwepo, atakwambia halipo; kama lilikuwepo, utakuwa mtu wa kwanza kumpunguzia uzito wa kulibeba peke yake. Akisema ndiyo, usiondoke na kuahidi kurudi kesho. Mtafute mtu mmoja anayemwamini akae naye. Ondoeni nyumbani sumu ya panya, na hasa huko kwenu, zile dawa za kunyunyizia michungwa ambazo watu huzihifadhi uvunguni mwa kitanda. Kisha mwende naye hospitali siku hiyo, wewe ukiwa pembeni yake. Uliza pia, mkiwa wawili tu, kama kuna anayempiga au kumnyanyasa. Likiwepo, ushauri wa kisaikolojia peke yake hautamponya. Hapo anahitajika afisa ustawi wa jamii, kamati yenu ya ulinzi wa wanawake na watoto, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Na likiwa linamgusa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Sasa hili la kubemenda, ambalo nataka nilizungumze kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu linaua. Mtoto akikonda, mtaa unamtafuta mwenye kosa, na kosa linawekwa kitandani mwa mama: amekutana na mwanamume kabla ya wakati, au ametoka nje ya ndoa. Fikiria mama ambaye tayari anajiona hafai, halafu anasikia kwamba kudhoofu kwa mwanawe ni ushahidi wa uzinzi wake. Hatakwenda kliniki, maana pale mzani utasema mbele za watu. Atajifungia. Mtoto ataendelea kukonda, na kukonda kule kutakuwa ushahidi zaidi. Nimewaona akina mama waliochelewa mpaka mtoto amevimba miguu, si kwa sababu zahanati ilikuwa mbali, bali kwa sababu ya macho ya watu njiani.

Mtoto wa miezi 4 asiyeongezeka uzito ana sababu zinazotafutika. Apimwe kwanza yeye: maambukizi, kifua kikuu au VVU kama kuna dalili, mdomoni kama ana utando mweupe, na atazamwe anavyonyonya, kama anashika ziwa vizuri na kunyonya mpaka anaridhika. Umri huu anahitaji maziwa ya mama tu, mpaka miezi 6. Chunguzeni kama hajaanzishiwa uji mwepesi na nyanya yake kwa nia njema. Halafu ndipo tufike kwa mama. Mwenye sonona hunyonyesha mtoto akilia, lakini zile ishara ndogo zinazotangulia kilio, mtoto anavyogeuza kichwa, anavyonyonya ngumi, zinampita. Huko Pakistan, mtafiti Atif Rahman na wenzake waliwafuatilia watoto wa akina mama wenye sonona, wakakuta wanapungukiwa uzito na kuharisha zaidi kuliko watoto wa akina mama wasio nayo. Ugonjwa wa mama na wa mtoto unakwenda pamoja, na hakuna zinaa ndani yake. Hilo uliseme kwa sauti pale kliniki, mbele ya mama wakwe.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alifanya jaribio ambalo bado nalifundisha. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha anaambiwa auweke uso bila tabasamu, bila neno, kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu, anatoa sauti, ananyoosha mikono, anajaribu kila anachojua kumrudisha mama. Anaposhindwa, anageuza uso, anajinyamazia au analia. Kwa mtoto huyu wa kijijini kwenu, uso ule umekuwa wa kila siku. Lakini Tronick alitufundisha na jambo jingine, ambalo ndilo nimekuwa nikiwapa akina mama: hata mama mzima, mwenye furaha, hukosana na mtoto wake mara nyingi mno kwa siku. Anachohitaji mtoto ni kwamba wakikosana, wapatane tena. Kwa hiyo hatumdai mama huyu awe mchangamfu kutwa nzima. Tunamwomba dakika 5.

Hapa ndipo mwanzo wa kazi yako, na usingoje mama apone kwanza. Mweke mtoto mapajani pake, uso kwa uso. Mwambie asifanye kitu, atazame tu. Mtoto akitoa sauti, "aguu", mama aijibu kwa sauti ile ile, kisha angoje. Mtoto atajibu, wakati mwingine baada ya muda mrefu kidogo. Mwoneshe: "Umeona? Amekujibu wewe. Mimi nimemwita hajageuka, wewe kageuka." Mama ambaye amejiambia kwa miezi kwamba mtoto hamtaki, akishuhudia hilo kwa macho yake, hupata kitu ambacho maneno yangu na yako hayawezi kumpa. Hiyo ni tiba ya wote wawili kwa pamoja.

Uliuliza kama mtu asiye daktari wa akili anaweza. Katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kiwango cha sekondari wasio na taaluma ya saikolojia, wakawapangia kuwatembelea akina mama waliokuwa na sonona tangu ujauzito; pamoja na wa vijiji vya kulinganisha, ambako wahudumu hawakupewa mafunzo hayo, utafiti ulikuwa na akina mama karibu 900. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mama alitembelewa mara 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara 3 katika mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, kisha mara moja kila mwezi. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100. Kwa akina mama wa vijiji vya kulinganisha walikuwa 53 kwa 100. Sasa sikiliza jambo ambalo watu hulipita: wale wa vijiji vya kulinganisha nao walitembelewa mara hizo hizo. Hodi zilikuwa sawa, na nafuu haikuwa sawa. Tofauti ilikuwa ni kile kilichofanyika baada ya kukaribishwa.

Walichofanya kinaelezeka kwa urahisi. Walishughulika na pande 3: afya ya mama mwenyewe, yeye na mtoto wake, yeye na watu wa nyumbani. Katika kila upande walimsaidia kulitambua wazo linalomvuta chini ("mtoto analia kwa sababu mimi sifai"), kutafuta wazo jingine linaloweza kuwa kweli ("analia kwa sababu ana njaa, na mimi ninayo maziwa"), halafu kulijaribu kwa kitendo kidogo kabla ya kuonana tena. Kitendo kidogo maana yake kidogo kweli: kuoga kila asubuhi, kukaa barazani muda wa kunywa chai. Watoto wa akina mama hao waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili walicheza nao zaidi. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo kwa nchi zote, mwaka 2015. Muuguzi wenu aombe kupitia kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya.

Karibu zaidi na sisi, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare na akina bibi wachache, wahudumu wa afya wa kujitolea, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Bibi anasikiliza, wanaorodhesha matatizo, mgonjwa anachagua moja tu la kuanza nalo, wanapanga hatua, anakwenda kuijaribu, anarudi kueleza ilikuwaje. Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa karibu 14 kwa 100 ya waliokaa na bibi, na 50 kwa 100 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Zanzibar. Kinachonivutia ni kinachofuata baada ya benchi: mgonjwa anaunganishwa na kikundi cha waliopitia hali hiyo hiyo, wanasuka mikoba huku wakizungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Kwa mama yako wa vitumbua, huo ni mlango.

Kwa hiyo kikundi. Akina mama 8 mpaka 10, wasizidi, pamoja na watoto wao, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu. Mahali pawe na kivuli na faragha, chini ya mwembe wa zahanati ni sawa kama si njia ya wachota maji. Kisiitwe kikundi cha wagonjwa wa akili, maana watu wa kwetu bado wanatupiana jina la Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, kama tusi. Kiitwe cha wazazi na watoto, na ndivyo kilivyo. Wachanganyeni waliolemewa na wasiolemewa. Awepo mmoja aliyewahi kupitia hali hii na akapona, hata kama si msemaji mzuri. Maneno yake machache yatafanya kazi kuliko somo lako lote.

Siku ya kwanza wekeni makubaliano: yanayosemwa hapa hayaendi kisimani. Hakuna kupiga picha, hata mfadhili akija, na hakuna kumshauri mwenzio asipoomba. Hili la mwisho ndilo gumu. Sisi watu wa mawaidha, mtu akifungua kinywa tu tunamwambia "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo", "mshukuru Mungu, wengine hawana watoto". Mama anafunga kinywa na harudi tena. Mfundishe kila mmoja kujibu kwanza kwa "pole" na swali moja. Anzeni na watoto: mkeka katikati, vifuniko vya sufuria, chupa tupu yenye punje za mahindi iliyofungwa kwa nguvu, nyimbo za kubembeleza za bibi zenu, za Kibondei na za Kisambaa. Kisha kila mama aeleze wiki yake ilikuwaje, asiyetaka anapita. Kisha tatizo moja la mmoja wao, mlijadili kwa kumsaidia achague mwenyewe hatua ndogo. Mwisho wapangiane: nani atapita kwa nani kabla ya wiki ijayo. Kikundi chenye nguvu ni kile ambacho kazi yake kubwa inafanyika siku zile 6 msizokutana, mtu anapoleta ndoo ya maji au kumchukua mtoto mkubwa kwa asubuhi moja.

Muulize mama huyu arobaini yake ilikuwaje. Desturi yetu ya arobaini, mzazi kukandwa kwa maji ya moto, kulishwa uji wa pilipili manga, kushikiwa mtoto ili alale, ni huduma ya afya ya akili iliyokuwepo kabla ya wizara yoyote. Kasoro yake ni kwamba siku ya 40 wote wanaondoka kwa pamoja, na wasaidizi wakiondoka ndipo wengi huanza kuzama. Wengine hawakukandwa hata siku moja, mama mzazi yuko mbali na mkwe ana mashamba. Kikundi chenu kinaweza kuanza pale arobaini inapoishia.

Mama mkwe usimfanye adui. Huyo ndiye atakayeamua kama mkwewe atatoka nyumbani siku ya kikundi. Mfuate kwa heshima, umwombe msaada kwa ajili ya mjukuu: uzito wa mtoto utapanda mama akilala na kula, na wewe, mama, ndiye unayeweza kuliwezesha hilo. Huko Rawalpindi waliingilia mlango huo huo, wa afya ya mtoto, na familia ziliwapokea. Mpe kazi yenye jina, kwa mfano kila alasiri mjukuu mkubwa akae naye kwa muda wa saa mbili. Akisema amechezewa, usibishane naye kuhusu majini. Mwambie kisomo kiendelee, na zahanati iendelee. Zungumza na shehe na mchungaji wa hapo, wengi wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani na ndio wanaofikiwa kwanza. Pa kusimama imara ni moja: mama asinyimwe chakula, asifungwe, asichapwe kumtoa shetani, mtoto asichanjwe wembe wala kukatwa kimeo.

Na mume, mpigie simu. Usianze kwa lawama za fedha. Mweleze mkewe anaumwa, ugonjwa unatibika, na sauti yake jioni, hata dakika 5 akimuuliza amekula nini, ni sehemu ya dawa. Kisha muulize na yeye anaendeleaje. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta baba 1 kati ya 10 hupata sonona kipindi hiki, na kilele chake ni mtoto akiwa na miezi 3 mpaka 6. Baba mwenye sonona mara nyingi halii. Anakuwa mkali, anakunywa, au anaacha kupokea simu.

Yule wa miaka 3 nisingependa asahauliwe kwa sababu ni kimya. Kurudia kukojoa kitandani si ukaidi, asichapwe wala kufungwa kanga iliyolowa shingoni kumwaibisha. Apimwe kwanza mkojo. Kisha apate mtu mzima mmoja wa kumtazama yeye peke yake kila siku, amweleze kwa maneno mepesi: "Mama anaumwa, si kwa sababu yako, na atapona." Watoto wa umri huo huamini kwamba wao ndio waliosababisha. Kama kijiji kina kituo cha kulelea watoto mchana, mwombeeni nafasi. Programu jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inavitambua vituo vya jamii vya namna hiyo, na mtendaji wenu anapaswa kuijua.

Akiwa na sonona kali, au baada ya wiki 4 mpaka 6 za kumtembelea na kikundi hajapata nafuu, daktari amwone kwa ajili ya dawa. Zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kutumia akiwa ananyonyesha. Sertraline hupita kidogo sana kwenye maziwa. Mama asiachishe mtoto ziwa kwa kuogopa vidonge kabla hajauliza, na asiviache ghafla akijisikia vizuri. Huchukua wiki 2 au zaidi kuanza kufanya kazi, hivyo wiki za mwanzo umtembelee mara nyingi zaidi.

Na wewe, usifanye kazi hii peke yako. Kila mwezi ukae na muuguzi na wahudumu wenzio nusu siku, mzungumzie mliyoyasikia bila kutaja majina. Pakistan walifanya hivyo kila mwezi, na naamini ni sehemu kubwa ya sababu kazi yao ilidumu. Usiku ukiota mambo ya watu, au ukianza kukwepa nyumba fulani, mwambie muuguzi wiki hiyo hiyo.

Kuhusu posho, sishauri. Fedha ikianza kutolewa, siku inapokatika na mama wanakatika, na anayekuja kwa ajili ya posho hukaa kwenye mkeka wa aliyehitaji kukaa. Wekeni chai na vitumbua kila mnapokutana. Na vitumbua hivyo, akishapata nguvu kidogo, mnunue kwake. Mpeni oda ndogo, vya kutosha watu 10, ili kushindwa kusiwe rahisi. Anayetoka mbali kabisa alipiwe nauli ya bodaboda, na hilo lisemwe wazi mbele ya wote tangu siku ya kwanza.